Impreza WRX STI ya GRB: gari tamu, mradi usiwe mwepesi wa kuchokozeka

GRB nyingi zinazofika gereji zikiwa mgongoni mwa lori zimeuawa na dakika mbili za hasira. Mark X imekukalia nyuma inamulika fulu, au Golf imekupita kushoto halafu ikapunguza mwendo mbele yako makusudi, na chini ya mguu wako wa kulia kuna farasi 308. Unakanyaga. Kumbe oili bado haijapata moto, au iko nusu lita chini ya alama, au foleni ya Mombasa Road imeshaikaanga intakula, kile kipoza hewa ya turbo. Gari haina kosa. Kosa ni kumjibu mtu usiyemjua.

Tunayoizungumzia ni Subaru Impreza WRX STI ya bodi ya GRB, ile ya milango mitano iliyoanza kuuzwa Japani Oktoba 2007, pamoja na GVB, ndugu yake mwenye buti, aliyefuata Julai 2010. Zote zilifikia mwisho mwaka 2014. Injini ni EJ207: silinda nne zilizolala, sisi (cc) 1,994, turbo moja, nguvu ya farasi 308 kwenye mizunguko 6,400 na msukumo wa Nm 422 kwenye 4,400. Gia sita za mkono, magurudumu yote manne yanavuta. Uzito ni kama kilo 1,480. Heshima yake huku kwetu ina mizizi: Colin McRae alishinda Safari Rally 1997 kwa Impreza, na Richard Burns akairudia 2000.

Upatikanaji unategemea uko upande gani wa mpaka. Kenya haipokei gari la zaidi ya miaka 8, kwa hiyo GRB ya kununua Nairobi ni ile ambayo tayari ina namba ya Kenya na imeshapita mikononi mwa wenyeji. Tanzania bado unaweza kuagiza moja kwa moja kutoka mnada wa Japani, lakini gari likivuka miaka 10 unalipa ushuru wa bidhaa wa uchakavu wa asilimia 30 juu ya zile kodi nyingine. Hapo ndipo sisi 1,994 zinakusaidia kidogo: ushuru wa bidhaa wa ukubwa wa injini ni asilimia 5 kwa injini za zaidi ya sisi 1,000 hadi sisi 2,000, na 10 kwa zinazozidi hapo. Uganda mpaka ni miaka 15, na GRB za kwanza zimeshaupita.

Kuitambua iliyo halali

Tundu la hewa juu ya boneti halithibitishi kitu. Impreza S-GT ya turbo ya kawaida, GH8 ya farasi 250, nalo inalo, na beji ya waridi ya STI inauzwa popote. Anza na mabega. GRB ina upana wa milimita 1,795 na S-GT ina 1,740, na hizo milimita 55 zote zimekaa kwenye madigadi. Simama nyuma ya gari, inama hadi usawa wa taa, uangalie mlango wa nyuma unavyokutana na digadi: kwenye GRB bati la mlango lenyewe linavimba kuelekea tairi. Ukikuta mlango bapa na uvimbe wa plastiki uliobandikwa, hiyo kazi ilifanyika gereji.

Midomo ya ekzosi ni minne, miwili kila upande. Kisha nati za tairi. Zote ni tano, lakini duara lake kwenye GRB ni 5x114.3 na kwenye Impreza ya kawaida ni 5x100. Hiki ni kipimo tunachokiamini kuliko beji, maana kukighushi kunataka ubadilishe habu zote nne, na anayeghushi huwa anatafuta njia ya mkato.

Breki za Brembo watu wengi huzitumia kama ushahidi wa mwisho, nasi hatukubaliani nao. GRB za Japani ziko zilizotoka kiwandani na rimu za inchi 17, tairi 235/45, na kalipa za Subaru zisizo Brembo. Rimu za inchi 18 zenye 245/40 na Brembo zilikuwa za kuongeza. Kwa hiyo isiyo na Brembo inaweza kuwa halali kabisa, na yenye "Brembo" inaweza kuwa na kifuniko cha plastiki kilichopakwa rangi. Gusa. Kalipa ya kweli ya mbele ina pistoni nne na inabana diski ya milimita 326 bila nafasi ya kuingiza kidole.

Mwisho fungua boneti. Namba ya chesisi imegongwa kwenye ukuta wa kati ya injini na kabati, na inaanza na GRB au GVB. Ukiona GRF au GVF, hiyo ni A-Line: injini ya EJ257 ya sisi 2,457, farasi 300, Nm 350, gia tano za otomatiki. Ni gari zuri lakini ni gari lingine, na bei yake isiwe ya GRB. Kwenye bamba la modeli tafuta pia msimbo wa giabox: wa gia sita unaanza na TY85, wa gia tano unaanza na TY75. Msimbo wa rangi 02C ni ile buluu ya mashindano. Kama bamba linasema kitu kingine na gari ni la buluu hiyo, limepakwa upya, na hapo unauliza kwa nini.

Halafu kuna sikio. Ule mngurumo wa "gudu-gudu-gudu" ambao kila mtu anauita sauti ya Subaru unatokana na manifoldi ya ekzosi yenye mabomba yasiyolingana urefu: moshi wa upande mmoja unafika kwenye turbo umechelewa. Forester XT ya SG5 inao, A-Line inao. EJ207 ya GRB ina turbo ya njia mbili na mabomba yaliyolinganishwa, kwa hiyo sauti yake ya kiwandani ni laini, ya kuvuma, karibu na gari lolote la silinda nne. GRB inayonguruma kama SG5 ama imebadilishwa manifoldi, na turbo kwa kawaida hubadilishwa pamoja nayo, ama imewekewa injini ya 2.5. Muuzaji akikuambia "sikia inavyonguruma, ni orijino", ameshajibu swali lako bila kujua.

Neno kwa wapiga picha wa magari. Namba ya usajili inakuambia gari lilisajiliwa nchini lini, haikuambii lilitengenezwa lini, kwa hiyo msibishane mwaka kwa kusoma herufi. Ziba namba kabla ya kuweka picha hadharani kama gari limeegeshwa nyumbani kwa mtu. Usimwombe mwenye gari "apige resi" pale maegeshoni: injini baridi ikipelekwa kwenye kikomo cha mizunguko beringi ndizo zinazolipa. Na kubwa kuliko yote, usilifuate gari barabarani ukiwa na simu dirishani. Dereva anachokiona kwenye kioo ni gari geni limemganda, naye ataamua ama anakaribia kuibiwa ama anachokozwa mshindane. Ugomvi mwingi wa magari haya unaanzia hapo, na mpiga picha anashangaa amekosa nini. Mtu mwenye subira huenda Concours d'Elegance, maonyesho ya magari pale Ngong Racecourse, Nairobi: magari yamesimama, boneti ziko wazi, wenyewe wanapenda kuulizwa.

Inavyokwenda

Chini ya mizunguko 3,000 GRB ni gari la kawaida tu, hata zito kidogo. Ikikaribia 3,500 turbo inashika na mgongo unabanwa kitini. Usukani ni mzito kiasi kinachofaa, giabox ya gia sita ni ngumu ikiwa baridi na tamu ikipata moto, na klachi itakuchosha goti kwenye foleni ya Ubungo. Nafasi ya chini ni kama sentimita 13: tuta la kijijini linapitwa kwa pembe, gurudumu moja moja, na barabara ya vumbi yenye mgongo katikati inaachiwa Forester. Mjini tarajia kilomita 6 hadi 8 kwa lita. Redio ya Kijapani inaishia masafa ya 90, stesheni zako nyingi hutazipata bila kifaa cha kubadili masafa au redio nyingine.

Pembeni ya gia kuna kitufe cha kuzungusha, SI-DRIVE, chenye hatua tatu: I, S na S#. Kwenye I kompyuta inapunguza nguvu na kulainisha pedali ya mafuta. Wengi hawaigusi kamwe kwa kuona aibu. Sisi tunasema iweke I kila unapoingia mjini, kwa sababu moja ya wazi: ukikanyaga kwa hasira, gari linachelewa kukujibu, na ule ucheleweshaji mdogo unatosha mara nyingi kukurudisha akili. DCCD, kitufe cha kugawa nguvu kati ya mbele na nyuma, kiache AUTO. Kuifunga kabisa kwenye lami kavu kunakaba difu ya kati kila ukikata kona.

Pale inapofia

Hapa ndipo pa kusoma taratibu.

Oili. EJ inakula oili, hata nzima. Inaingia kama lita 4 na robo hivi pamoja na filta. Jaza lita 4, washa dakika moja, zima, subiri dakika tano, pima, ongeza kidogo kidogo hadi alama ya juu. Fundi anayemimina galoni nzima bila kupima mwambie asimame. Tumia sintetiki kamili ya 5W-40, badilisha kila kilomita 5,000, na pima kijiti kila ujazapo petroli mara ya pili. Sababu: kwenye kona ya nguvu oili inakimbilia pembeni ya sampu, na ikiwa iko chini ya alama bomba la kunyonya linavuta hewa. Beringi za konrodi zinakaa bila oili kwa sekunde moja tu, na sekunde hiyo inatosha kuzichubua. Dalili ni mlio mkavu, "tak-tak-tak", unaosikika ukipandisha hadi 3,000 na kuachia, na unazidi injini ikipata moto. Usiuchanganye na "tok-tok" ya pistoni inayosikika asubuhi na kupotea baada ya dakika chache. Ya kwanza ni injini kufunguliwa, ya pili ni tabia.

Moto. Sindano ya maji ikifika katikati watu hudhani wameruhusiwa. Maji yanapata moto ndani ya dakika tano hivi. Oili inahitaji kumi hadi kumi na tano. Mpaka hapo usivuke 3,000 na usiipe turbo mzigo. Sasa fikiria ugomvi mwingi unatokea wapi: getini, makutano ya kwanza, asubuhi umechelewa. Injini baridi, dereva moto.

Kichujio cha oili ya turbo. Oili inayokwenda kwenye turbo inapita kwenye bolti yenye tundu, na ndani yake kuna wavu mdogo kama ncha ya kidole. Gari lililochelewesha sevisi linauziba kwa masizi, turbo inakaukiwa, shafti inalegea, vipande vya chuma vinarudi kwenye injini. Bolti hiyo iko nyuma ya hedi ya kulia, imebanana, na fundi wa haraka haitazami kamwe. Ukinunua GRB, siku ya kwanza itolewe, ioshwe au ibadilishwe. Kuna wanaoutoa wavu kabisa. Kama sevisi zako ni za uhakika hatuna ubishi nao.

Petroli. Kompyuta ya Kijapani iliandikiwa oktani 100, na petroli ya kawaida ya pampu zetu haifiki huko. Sensa ya kugonga inasikia, kompyuta inarudisha nyuma muda wa cheche, nguvu inapungua kimya kimya. Hii inasomeka: chomeka kebo ya OpenPort kwenye soketi ya chini ya usukani, fungua programu ya RomRaider, tazama IAM, namba inayoonyesha kompyuta inaamini muda wake wa cheche kiasi gani. Ikiwa 1.0, injini inaridhika na mafuta inayopata. Ikiwa imeshuka, kuna kitu: petroli mbaya, plagi, oili inayoingia silindani, au ramani ya kompyuta iliyochezewa na kijana wa laptopu. Muuzaji akikataa usichomeke kebo, ondoka.

Hapohapo kwenye kuchezewa. Ile milio ya "pa-pa-pa" ukiachia mafuta ni petroli inayoungulia kwenye ekzosi. Inapika valvu za kutolea moshi na turbo, na haiongezi hata farasi mmoja. Valvu ya "pshhh" inayotoa hewa nje ina tatizo lake: GRB inapima hewa inapoingia, kompyuta inatoa petroli ya hewa ambayo wewe umeshaimwaga, na kila gia unayobadilisha inapita na moshi mweusi. Mlio unawafurahisha vijana wa stendi kwa wiki moja.

Intakula imekaa juu ya injini, chini ya tundu la boneti. Gari likienda inapata upepo. Likisimama kwenye foleni inakaa juu ya jiko. Baada ya nusu saa ya kusogea mita tano tano, hewa inayoingia imechemka, kompyuta imepunguza cheche kujilinda, na GRB yako haina zile 308 tena. Ndipo foleni inafunguka na mwenye Golf anakutazama. Utakanyaga, gari litajivuta, utakanyaga zaidi. Kama kuna wakati injini hii inaomba kuachwa, ni huo.

Maji ya rejeta yana vifuniko viwili, kimoja kwenye rejeta na kingine kwenye chupa ya juu karibu na turbo. Havifanani nguvu na havibadilishwi mahali. Vikibadilishwa mfumo unavuta hewa na unasingizia gasketi ya hedi. Kujaza ni kwenye chupa ya juu, injini ikiwa imepoa kabisa.

Mkanda wa taimingi ni wa kilomita 100,000, na unabadilishwa na ukoo wake wote: tensiona, roda mbili laini, roda moja ya meno, na pampu ya maji. Hii ni injini ambayo mkanda ukikatika valvu zinagongana na pistoni, kwa hiyo gari lisilo na kumbukumbu ya mkanda lihesabu kuwa halijabadilishwa. Giabox inachukua lita 4.1 za 75W-90 ya GL-5, difu ya nyuma lita 1. Hayo hayana hadithi.

Tairi ni hadithi. Zote nne ziwe aina moja, saizi moja, na uchakavu unaokaribiana. Tofauti ya mzunguko kati ya tairi na tairi isizidi milimita 6. Ukipasukiwa na moja ukaweka mpya peke yake, difu ya kati inafanya kazi mfululizo hata barabara ikiwa imenyooka. Na gari likikwama libebwe juu ya lori. Breakdown ya kuinua magurudumu mawili na kuburuta mawili inamaliza kilichobaki.

Kukagua kabla ya kulipa: fika bila kutoa taarifa ya saa kamili, weka kiganja juu ya injini. Kama ina joto, muuzaji ameiamsha kuficha sauti ya asubuhi; rudi kesho. Chomoa kijiti. Washa, sikiliza, acha ipate moto, sikiliza tena. Endesha, punguza kutoka gia ya nne kwenda ya tatu uone kama inakwaruza. Kisha lipia kipimo cha kompresheni kwa silinda zote nne: silinda zisiachane kwa zaidi ya asilimia 10. Kama inatoka mnadani moja kwa moja, soma karatasi ya mnada: daraja R au RA maana yake ilishagongwa na kurekebishwa, W kwenye mchoro ni alama ya sehemu iliyorekebishwa, XX ni kipande kilichobadilishwa. A na U ni mikwaruzo na mabonde, hayo yasikunyime usingizi.

Mwendo wa kuishi nayo barabarani

Gari hili linachokozwa. Spoila na boneti yake vinasomwa kama tangazo, na mwenye kulinunua ajue ameongezewa kazi hiyo. Mtu akikukalia nyuma, washa indiketa, nenda kushoto, mwache. Usiguse breki kumtisha: tofauti ya breki zako na zake ndiyo itakayomwingiza kwenye buti lako, na kipande cha bodi pana cha GRB hakipatikani kirahisi kama cha Forester. Kwenye barabara ya njia moja kila upande, kama Chalinze hadi Segera, anayekupita ukimwongezea mwendo unamfungia upande wa malori. Toa mguu, mwachie nafasi mbele yako. Nairobi Expressway inaruhusu 80, mijini ni 50. Hakuna kati ya hizo ambayo GRB inahitaji gia ya tatu kuimaliza, kwa hiyo hakuna ushindani wa kushinda hapo.

Kwenye taa na foleni, simama pale unapoona tairi za nyuma za gari la mbele zikigusa lami. Umbali huo unakuwezesha kutoka pembeni bila kurudi nyuma. Mtu akishuka kuja dirishani: milango imefungwa, kioo kimeshuka vidole viwili tu, mikono iko kwenye usukani, husemi neno la kejeli hata kama una haki. Ukiona gari linakufuata kona ya pili na ya tatu, usiende nyumbani. Nenda kituo cha polisi au kituo cha mafuta chenye taa na watu. Namba 112 inafanya kazi Kenya na Tanzania. Bodaboda ni sura yake: nguzo za nyuma za GRB ni nene na spoila inakata kioo, pikipiki ya upande wa kushoto inaweza kukaa humo kwa mita mia usiione. Geuza shingo kabla ya kuhama, maana nusu ya "matusi ya boda" yanaanza na wewe kumbana.

Kamera ya dashibodi tunaihesabu kama kipuri cha lazima kwenye gari hili. Iwe ya mbele na nyuma. Chagua inayotumia kapasita badala ya betri ya lithiamu, kwa kuwa kioo kikianikwa jua la Dar betri inavimba na kufa ndani ya miezi. Kadi iwe ya aina iliyotengenezwa kwa kurekodi mfululizo, na kama itaunganishwa kwenye fyuzi ili ifanye kazi gari limezimwa, iwe na kikata umeme volti ikishuka, la sivyo Jumatatu utasukuma. Ina faida nyingine isiyoandikwa kwenye boksi: dereva anayejua anarekodiwa na kamera yake mwenyewe huwa mpole.

Breki nazo. Oili ya breki ya DOT 4 mpya inachemka kuanzia nyuzi 230, lakini ikishanyonya unyevu inaweza kuchemkia 155, na hewa yetu ya pwani haikosi unyevu. Kukanyaga breki mara sita za nguvu kwenye mteremko, ukimkimbiza mtu kutoka Limuru kushuka bondeni, kunaifikisha huko, na pedali inazama kama godoro. Badilisha kila miaka miwili, pwani kila mwaka. Pedi za Brembo bandia zimejaa. Pedi inayonuka kuungua baada ya breki mbili za kawaida siyo.

Na kama ulishindwa kujizuia, basi fanya haya: endesha taratibu dakika kumi za mwisho ili turbo ipoe ikiwa inapata oili, usizime ghafla getini, subiri dakika tano, pima kijiti. Kesho asubuhi washa bila redio.

Nani achukue ipi

Anayeishi mjini na kupenda gari zaidi ya mbio achukue GVB ya 2010 kuendelea, buti linafungika, na ndani ina kelele pungufu kuliko GRB. Mwenye barabara mbovu achukue yenye rimu za inchi 17, tairi ina unene wa kupokea shimo. Lakini asidhani atahamishia rimu hizo kwenye yenye Brembo, nyingi zinagusa kalipa. A-Line ya otomatiki inafaa foleni, ila pistoni za EJ257 ni dhaifu kwenye ukingo wa ringi, hasa silinda ya nne, na ndiyo isiyotaka kabisa kuchezewa kompyuta. Mwenye familia, mwenye haraka kila asubuhi, na mwenye ulimi mwepesi, atafute Forester isiyo na turbo. Alama yetu kwa GRB iliyotunzwa ni 8 kati ya 10. Iliyotoka kwa kijana wa tatu, yenye "pa-pa-pa" na kijiti kikavu, hatuipi alama. Mpigie wa lori kwanza ujue atakutoza kiasi gani.